Shajara ya bwawa la lemna: wiki kumi nyuma ya nyumba, Morogoro

4 Oktoba, siku ya 1

Turubai limetandazwa leo. Bwawa lina mita 4 kwa 3 na kina cha sentimita 40. Liko juu kidogo ya bwawa langu la samaki, lile la mita 15 kwa 10 ambalo limekuwa likinila mshahara tangu Julai. Bei sizitaji. Mfugaji yeyote wa sato anajua gunia la chakula cha viwandani linavyoisha kabla deni lake halijaisha. Ndiyo maana nimeamua kulima lemna, yale majani madogo ya kijani yanayoelea kwenye maji yaliyotulia. Wapo wanaoyaita dakwidi. Bibi jirani yangu anayaita ukoga tu.

Mimi nafundisha hesabu, kwa hiyo nimeanza na hesabu. Lemna ikipata mazingira inayoyapenda hujizidisha maradufu kwa siku 2 hadi 3. Chukua gramu 200, ziwe maradufu kila baada ya siku 2. Kwa siku 30 zitakuwa zimejizidisha mara 15, yaani 200 mara 32,768. Jibu ni kilo 6,553. Tani sita na nusu! Nimeiandika kwenye kibao cha watoto sebuleni. Mke wangu kaisoma, kaniuliza, "Na hizo tani zitakaa wapi, baba?" Nimemjibu tutaona.

5 Oktoba, siku ya 2

Kutafuta mbegu. Mahali pa karibu pa kuipata ni mtaro unaopita nyuma ya gereji mtaani kwetu, umejaa kijani kibichi cha kupendeza. Nimeuacha. Lemna hufyonza kila kilichomo majini, ikiwemo metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu, na ndiyo sababu wengine huitumia kusafishia maji machafu. Sasa mmea uliosafisha mtaro wa gereji nimpe samaki, samaki nimpe mwanangu? Hapana.

Nimepanda bodaboda hadi upande wa Dakawa, kwenye mifereji ya mpunga. Mwenye shamba amenihakikishia kwamba upande ule haujapuliziwa dawa ya magugu msimu huu. Amenitazama kwa muda nikichota magugu yake kwa chujio, kisha akasema, "Mwalimu, ukirudi tena uje na gari, uyamalize yote."

Nimevaa buti na glavu. Mifereji ile ina konokono, na konokono wa maji baridi ndio wanaolea vimelea vya kichocho. Anayekwenda kuchota mbegu asiingie miguu mitupu, hata kama watoto wa pale wanaogelea.

7 Oktoba, siku ya 4

Siku mbili mbegu imekaa kwenye beseni uani, nimeisuuza mara nne. Wametoka konokono saba, viluwiluwi vya mbu wasiohesabika, na chura mmoja mdogo aliyekuwa na hasira.

Kwa kioo cha kukuzia nimegundua kwamba nilichokuja nacho si kitu kimoja. Mingi ina jani dogo la milimita chache lenye mzizi mmoja tu unaoning'inia chini, nayo ndiyo lemna yenyewe. Michache ni mikubwa zaidi, kama ukucha wa kidole kidogo. Ukiigeuza, chini ina rangi ya zambarau na mizizi yake ni kishungi. Hiyo ni spirodela. Katikati yake nimeona chembe za kijani zisizo na mzizi kabisa, ndogo kuliko chenga za mchele. Nadhani ni wolfia, na kama ni yenyewe, basi nimeshika kwenye ncha ya kidole jamii ya mimea inayotoa maua ambayo ni midogo kuliko mingine yote duniani. Thailand wanayo aina yake wanayoila kama mboga na kuiita khai nam, mayai ya maji.

Kinachoitwa jani si jani hasa. Shina na jani vimeungana vikawa kitu kimoja bapa chenye vijifuko viwili pembeni. Humo ndimo mama anamochipuza binti, na binti kabla hajakatika kutoka kwa mama tayari ana mjukuu tumboni. Maua hutoka kwa nadra. Yale majani matatu au manne unayoyaona yameshikana ni familia ambayo bado haijagawana nyumba.

8 Oktoba, siku ya 5

Nimejaza maji ya kisima, nikatumbukiza gunia la katani lenye kilo 3 za samadi ya kuku, nikatia gramu 200 za mbegu, uzito wa baada ya kuchuja. Zimepotea kwenye maji kama chumvi kwenye sufuria ya shule. Sikujali. Hesabu ziko upande wangu.

12 Oktoba, siku ya 9

Upepo wa mchana kutoka upande wa milima ya Uluguru umeisukuma lemna yote kwenye kona moja. Pale konani imepandana tabaka tatu, kwingine kote maji ni matupu. Nimeitawanya kwa mkono asubuhi. Jioni nimeikuta konani tena.

15 Oktoba, siku ya 12

Maji yamekuwa ya kijani kama mchuzi wa kisamvu. Mkono ukizama hadi kwenye kiwiko vidole havionekani. Lemna imebaki kona moja, na sehemu yake kubwa imegeuka nyeupe.

Bibi jirani amepita. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Naona huo ukoga wako umekufa." Nimemwambia bado haujafa. "Basi unazirai," akasema, akaenda zake.

16 Oktoba, siku ya 13

Leo nimepima badala ya kutazama. Saa tisa mchana, maji nyuzi 37. Karatasi ya pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) imesoma juu ya 9. Asubuhi saa moja, bwawa hilohilo, ilisoma kati ya 7 na 8.

Hapo nimeelewa kosa. Lemna inapenda maji ya nyuzi 25 hadi 31 hivi na pH iliyo karibu na 7. Mimi nilitia mbegu kiduchu, gramu 17 kwa mita ya mraba, nikaacha jua lipige maji yaliyojaa mbolea juu ya turubai jeusi. Ni nani anayenufaika na maji yenye mbolea na jua? Mwani, ule mdogo usioonekana kwa macho mmojammoja. Mwani ukifanya usanisinuru mchana hula kaboni dioksidi iliyomo majini, na ikipungua hiyo pH hupanda. pH ikipanda, nitrojeni ya samadi iliyokuwa katika hali ya amoniamu, ambayo ndiyo lemna inayoipenda kuliko hata nitrati, hugeuka kuwa amonia huru, na amonia huru inaua. Chakula kilekile asubuhi ni uji, mchana ni sumu.

Lemna ingekuwa imefunika maji tangu mwanzo, mwani usingepata mwanga. Kwa hiyo mbegu kidogo si akiba. Nilidhani nimebana matumizi, kumbe nimempa mwani bwawa bure.

Nimeyamwaga maji yote kwenye migomba. Migomba imefurahi.

19 Oktoba, siku ya 16

Kabla ya kujaza tena nimeamua kufanya jaribio dogo, kwa sababu nimechoka kukisia. Nimechukua mabeseni matatu yanayolingana, upana wa sentimita 50, yote chini ya mwembe. La kwanza lina maji matupu ya kisima, la pili maji ya bwawa la samaki, la tatu maji ya kisima yenye vikombe viwili vya chai ya samadi, yaani samadi iliyolowekwa majini ikachujwa. Kila moja gramu 20 za lemna iliyobaki kwenye beseni la akiba. Nitapima baada ya siku 7.

Siku 7 sikuzitoa hewani. Maabara nyingi duniani hutumia lemna kupimia kama kemikali fulani ina sumu, na mwongozo namba 221 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, wa mwaka 2006 unataka mmea uachwe siku 7 ndipo ukuaji upimwe. Mmea unaoniumiza kichwa kumbe wenzetu wameufanya mzani.

26 Oktoba, siku ya 23

Matokeo, baada ya kuchuja dakika 5 kila beseni:

Maji ya kisima: gramu 31.
Maji ya bwawa la samaki: gramu 58.
Chai ya samadi: gramu 104.

Kwa maneno mengine, kwenye samadi imejizidisha maradufu kwa siku 3 hivi, kwenye maji ya samaki siku 4 na nusu, kwenye maji ya kisima siku 11. Mmea ni uleule na mwembe ni uleule.

Lakini kilichonishangaza si mizani, ni mizizi. Lemna ya beseni la kisima ina mizizi mirefu, karibu sentimita 3, na majani yake ni ya rangi ya ndimu iliyoanza kuiva. Ya samadi mizizi yake haifiki sentimita moja, majani yamekolea. Binti yangu wa darasa la sita ndiye aliyesema kwanza: "Baba, hii yenye njaa inanyoosha mkono." Sina cha kuongeza hapo. Mmea ukikosa chakula hurefusha mzizi kukitafuta, na lemna ya namna hiyo huwa na nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo. Ikishiba, protini yake hufika asilimia 30 hata 40 ya uzito mkavu. Ikiwa na njaa huweza kushuka chini ya 20. Kwa hiyo sihitaji maabara kujua kama ninachowapa samaki ni chakula au ni majani tu. Nachota kiganja, nageuza, natazama mizizi.

Kuanzia leo hicho ndicho kipimo changu kikuu. Sentimita moja au pungufu, sawa. Ikizidi mbili, gunia la samadi linarudi majini.

31 Oktoba, siku ya 28

Mabeseni niliyaacha bila kuvuna, nione. Lile la samadi lilikuwa gramu 104 siku ya saba. Leo, siku ya kumi na mbili, lina gramu 131. Kwa mwendo wa wiki ya kwanza lingekuwa limepita 300. Uso wote umefunikwa, majani yamepandana, ya chini yamekuwa ya njano na mengine yameoza.

Ndilo swali la mke wangu. Zitakaa wapi? Lemna hukua kwenye uso wa maji. Kina chochote utakachochimba hakiiongezei nafasi. Beseni langu la duara lina karibu moja ya tano ya mita ya mraba, na gramu 131 ni kama gramu 670 kwa mita. Hapo tayari wanazibana pumzi. Wanaoilima kwa biashara huiweka kati ya gramu 400 na 600 kwa mita na kuvuna ziada kila siku, na sasa naelewa sababu. Ikiwa nyembamba zaidi mwani unaingia, na ikiwa nene zaidi lemna inajifunika yenyewe.

Nimefuta kibao cha sebuleni.

2 Novemba, siku ya 30

Bwawa limejazwa upya, safari hii kwa mpangilio. Nimerudi Dakawa, na kweli nilikwenda na gari, la kukodi. Nimeleta kilo 5 na kidogo baada ya kuchuja, zinazotosha gramu 400 na kitu kwa kila mita. Nusu ya juu ya bwawa nimeezeka kivuli chepesi cha makuti, mita moja na nusu juu ya maji. Gunia la samadi ni kilo 1 na nusu, si 3.

Upepo nimeuzuia kwa mianzi. Nimeipasua na kuifunga miraba ya mita moja kwa moja inayoelea, kama dirisha lenye vioo kumi na viwili. Wazo si langu. Kule Mirzapur, Bangladesh, ambako shirika la PRISM lilianza kulima lemna kwa maji taka ya hospitali na kuwalishia samaki, walitumia fito za mianzi zinazoelea kuituliza. Upepo wa leo mchana umevuma kama kawaida na kila mraba umebaki na wakazi wake.

8 Novemba, siku ya 36

Maji chini ya lemna ni maangavu, naliona turubai. Nyuzi 30 saa nane mchana, pH haijavuka 7.5. Mizizi nusu sentimita.

Nimetengeneza fremu ya mbao ya sentimita 50 kwa 50. Naiweka juu ya maji, nachota kila kilichomo, nachuja dakika 5, napima, nazidisha kwa 4. Leo: gramu 610 kwa mita. Nimevuna kilo 1.2. Kesho hivyohivyo.

Viluwiluwi vya mbu nimevitafuta sana chini ya zulia la lemna, sikuona hata kimoja. Kwenye pipa la maji ya mvua, hatua tano kutoka hapo, wamo tele. Lemna ikifunika vizuri mbu hapati pa kutagia, na kiluwiluwi hapati pa kuchomoza kuvuta hewa. Nimemweleza bibi jirani, maana malalamiko yake ya pili baada ya ukoga yalikuwa mbu. Amesema atakuja kuhakikisha usiku.

10 Novemba, siku ya 38

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne umeanza, nami nasimamia kituo cha mbali. Nitarudi nyumbani Jumapili tu. Mpwa wangu nimemwachia kazi: vuna kilo moja na robo kila asubuhi, mwagia kwenye bwawa la samaki, chakula cha kawaida endelea nacho. Nimemwandikia ukutani kwa chaki.

(Nimeongeza baadaye: agizo lile la mwisho, la kuendelea na chakula cha kawaida, ndilo lililonigharimu.)

16 Novemba, siku ya 44

Vidukari. Weusi weusi, juu ya majani, hasa mraba wa karibu na ua. Nimewazamisha. Nimefunika mraba kwa wavu wa chandarua na kuukandamiza chini ya maji kwa mawe, nikauacha nusu saa, kisha nikauachia. Lemna imepanda juu, vidukari wengi wameelea pembeni. Dawa sipulizi, maji haya yanaishia kwa samaki.

23 Novemba, siku ya 51

Vuli imefika kwa fujo. Mvua ya jana usiku imejaza bwawa hadi likafurika na lemna ya miraba miwili imeteremka moja kwa moja kwa samaki. Nimefika leo nimekuta zaidi ya nusu ya bwawa la samaki ni kijani. Nilifurahi, nakiri. Nilimwambia mpwa wangu, "Unaona? Sasa linajilima lenyewe." Nikarudi kituoni jioni.

28 Novemba, siku ya 56

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi simu imelia. "Mjomba, samaki wote wamekuja juu wanahema."

Nilikuwa nimerudi mjini usiku, nikafika bwawani ndani ya dakika kumi. Lemna imefunika bwawa lote isipokuwa kipande mlangoni mwa maji, na kipande kile kilikuwa kimejaa midomo. Tumetoa lemna kwa reki, kwa beseni, kwa mikono, tumepiga maji kwa ndoo kutoka juu, binti yangu akiwa na sare za shule. Saa mbili jua lilipopata nguvu wameanza kushuka. Tumepoteza vifaranga 14 kati ya 300.

Sababu nimeipanga kichwani wakati mikono inaendelea kutoa. Vifaranga vilikuwa vinapewa chakula cha dukani kama kawaida, vimeshiba, lemna vimeionja na kuiacha. Iliyoachwa haikai bure, inazaa. Zulia likifunga uso wa maji, mwanga hauingii, mwani wa chini uliokuwa ukitoa oksijeni mchana unanyamaza. Hewa ya juu nayo haipenyi kwa urahisi. Lemna yenyewe, oksijeni inayotoa inakwenda sana hewani kwa kuwa majani yake yanaelea. Usiku wote wanavuta: samaki, mwani, uchafu unaooza chini. Alfajiri ndipo maji yanapokuwa na oksijeni kidogo kuliko saa nyingine zote. Ongeza siku tatu za mawingu na hesabu imekamilika.

Yaani mbu na samaki wangu wamekutana na jambo lilelile. Tarehe 8 nilisifu zulia kwa kuwanyima mbu hewa, na wiki tatu baadaye sikufikiria kwamba samaki nao wanaihitaji.

Mpwa wangu hana kosa. Alifuata ukuta.

30 Novemba, siku ya 58

Marekebisho. Bomba la kumwaga maji ya ziada limewekwa wavu wa chandarua tabaka mbili. Kwenye bwawa la samaki nimefunga mraba mmoja wa mianzi, mita 2 kwa 2, ukiwa kona ya mbali. Lemna inamwagwa humo tu, na samaki wanaijia kwa chini. Kisichokwisha hadi jioni kinatolewa na kupewa kuku. Chakula cha dukani asubuhi hakuna tena. Lemna kwanza, pumba na dagaa wa kusaga baadaye.

Kuku hawana ugomvi nayo. Bata wa bibi jirani nao wamegundua njia kupitia uzio.

6 Desemba, siku ya 64

Siku ya ukweli. Nimeanika kilo 1 kamili kivulini juu ya chandarua, siku tatu, kwa sababu jua kali linaipausha. Leo imekauka kiasi cha kuvunjika vidoleni. Nimepima mara mbili nikidhani mzani umeharibika: gramu 58.

Gramu 58 kutoka kilo moja. Nyingine yote ilikuwa maji.

Basi mavuno yangu ya kilo 1.2 kwa siku ni gramu 70 za chakula kikavu. Nikiiamini mizizi yangu mifupi na kukadiria protini theluthi moja, napata gramu 23 za protini. Vifaranga 286 vyenye wastani wa gramu 20 kila kimoja, nikivipa asilimia 5 ya uzito wao, vinahitaji gramu 286 za chakula kikavu kwa siku. Lemna inatosheleza karibu robo. Vikifika gramu 100 kimoja vitahitaji, hata kwa asilimia 3, zaidi ya gramu 850, na bwawa langu la lemna litakuwa limeleta chini ya kumi ya mia.

Mke wangu aliposikia hakucheka, nilidhani atacheka. Alisema, "Kwani mboga ilishawahi kumshibisha mtu? Ugali ndio unashibisha." Na kweli, pumba ndiyo ugali wao na ninayo ya bei ya kuongea. Kilichokuwa kinanimaliza ni dagaa na mashudu, yaani upande wa protini. Hapo ndipo lemna inaingia. Dagaa wa kusaga nimempunguza kwa theluthi wiki hii na samaki bado wanaivamia kona yao asubuhi kama wanafunzi kwenye foleni ya chai.

Anayekuja kuniuliza kama lemna inaweza kuwa chakula pekee, jibu langu kwa sasa ni kibao nilichokifuta.

9 Desemba, siku ya 67

Mizizi imefika sentimita mbili kwenye miraba ya chini, ya juu bado mifupi. Samadi naitumbukiza upande mmoja, na lemna ya upande ule inakula kwanza. Ya mwisho inabakiziwa. Nimehamisha gunia, ila hilo ni la muda. Umbo la bwawa ndilo lenye kasoro. Zaidi ya hapo, ili nivune miraba ya kati inabidi nilale kifudifudi juu ya ubao kama fundi wa kisima, na jana ubao umeteleza. Maji ni sentimita 40 tu, lakini bibi jirani alikuwepo.

13 Desemba, siku ya 71

Vipimo vya wiki: fremu mara tatu, gramu 480, 520 na 540 kwa mita. Maji nyuzi 29. pH 7. Mavuno ya siku saba kilo 8.6. Samaki kumi niliowapima wana wastani wa gramu 27.

Kesho tunachimba bwawa la pili la lemna, mita 12 kwa 2, refu na jembamba, ili chujio lifike katikati kutoka ukingo wowote. Maji machafu kutoka sakafuni mwa bwawa la samaki yataingia upande mmoja, yatoke upande wa pili yakiwa yamelishwa njia nzima, halafu pampu iyarudishe kwa samaki. Samadi itabaki ya kuongezea mizizi ikirefuka. Mpwa wangu nimempa fremu ya mbao na kioo cha kukuzia viwe vyake. Ukutani nimefuta maagizo ya chaki, nimeandika upya mistari miwili: *Tazama mizizi. Acha theluthi mbili za bwawa la samaki wazi.*

Bata wa bibi wameongezeka, sasa ni watano. Uzio nao upo kwenye orodha ya kesho.